Mezani, mini au laptopu? Kompyuta ya ofisi ya nyumbani kwa mtu wa Kigoma anayehesabu uniti

Wanaofanyia kazi nyumbani hapa Kigoma wameongezeka. Yupo mwalimu anayetunga mitihani ya tuisheni, yupo mhasibu anayeshika hesabu za vikoba, yupo wakala wa forodha anayejaza fomu za mizigo ya Kongo na Burundi hadi usiku, na yupo binti wa Mwanga anayetengeneza kadi za harusi. Wote wakifika kwa fundi wana swali moja: ninunue kompyuta ipi isiyonimalizia umeme?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda asipate tabu. Kwa walio wengi ni laptopu, hata ya mtumba. Anayekaa meza moja kutwa na hana safari, achukue ile kompyuta ndogo ya mezani inayoitwa mini. Kompyuta kubwa ya mezani, yenye boksi lake na monita yake, abaki nayo mwenye kazi nzito au ambaye tayari anayo na bado inapiga kazi. Sababu zangu lakini si zile za wauzaji, kwamba laptopu "haili umeme". Tofauti ya fedha kwenye LUKU, ukiitazama peke yake, ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachoamua ni kama nyumba yako iko chini au juu ya uniti 75 kwa mwezi. Hapo ndipo kompyuta hiyo hiyo inapoweza kuwa nafuu kwako na ghali kwa jirani.

Kwanza, uniti yako ni shilingi ngapi?

Bei za TANESCO ni moja kwa nchi nzima. Uniti ya Ujiji haipishani na ya Dar es Salaam. Lakini nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kulipa bei zinazopishana karibu mara tatu. Kundi la D1 ni la nyumba zenye matumizi madogo, zisizovuka uniti 75 kwa mwezi. Uniti yao ni Sh 100, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, inafika Sh 122. Ndiyo maana walio kundi hili wanaijua Sh 9,150 kwa kichwa: ni uniti 75 kamili. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, uniti ni Sh 292, na makato yakiingia inakuwa kama Sh 356. Huko elfu kumi inakupa uniti 28 na ushei.

Kama hujui uko wapi, chukua meseji ya LUKU, toa kodi ya jengo kama ilikatwa (Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa), kisha gawanya fedha iliyobaki kwa uniti ulizopata. Ikija 122 uko D1. Ikija 356 uko T1.

Aliye D1 akipitisha 75, uniti za ziada anauziwa Sh 350 kabla ya makato, yaani 427 yakishaingia. Akizoea kupitisha, anahamishiwa T1, na huko kila uniti, tangu ya kwanza, ni 356. Na mwenye kutoa fotokopi barazani asijifiche humu: D1 ni ya matumizi ya nyumbani.

Wati kwa wati

Uniti moja ni wati 1,000 zikiwaka kwa saa moja. Nimechukua mtu anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ambazo ni saa 208. Kazi zenyewe ni za kawaida: kuandika, hesabu, barua pepe, kufungua tovuti, kikao cha video mara moja moja. Wati hizi ni za kukadiria, kwa sababu mashine hazifanani, lakini ndiko zinakoangukia nyingi. UPS ni lile boksi la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika.

| Mpangilio | Wati | Uniti kwa mwezi | Ukiwa D1 | Ukiwa T1 |
|---|---|---|---|---|
| Kompyuta kubwa ya zamani (80), monita ya zamani (30), UPS (10) | 120 | 25 | Sh 3,050 | Sh 8,900 |
| Mini (15), monita ya LED (18), UPS (10) | 43 | 9 | Sh 1,100 | Sh 3,200 |
| Laptopu na monita ya pembeni ya LED | 35 | 7 | Sh 890 | Sh 2,600 |
| Laptopu peke yake | 20 | 4 | Sh 500 | Sh 1,500 |

Tazama safu ya T1. Aliye T1 akihama kutoka kompyuta kubwa kwenda laptopu anaokoa kama Sh 7,400 kwa mwezi. Tuseme laptopu ya mtumba imemgharimu laki nne. Itamchukua miaka minne na nusu kuirudisha kwa umeme peke yake, na kufikia hapo betri imeshakufa na bawaba moja imelegea. Kwa hesabu hiyo, kutupa kompyuta nzima ili kuokoa LUKU ni hasara.

Sasa chukua nyumba ya D1. Friji, televisheni, taa, pasi ya Jumapili na chaja za simu, jumla uniti 55. Mwenye nyumba akiongeza kompyuta kubwa, inakuwa 80. Mwezi huo analipa Sh 9,150 kwa zile 75 za kwanza na kama 2,135 kwa tano za juu, jumla 11,285. Bado inavumilika. Lakini mwezi wa pili na wa tatu ukiwa hivyo hivyo, na akahamishiwa T1, uniti zile zile 80 zinageuka Sh 28,480. Angekuwa na laptopu angetumia uniti 59 na kulipa 7,200. Tofauti inapita elfu ishirini na moja kila mwezi, na ile laki nne inarudi kabla miaka miwili haijaisha. Mini nayo ingemwacha na uniti 64, chini ya mstari bila wasiwasi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kompyuta ipi, jumlisha uniti ulizonunua miezi mitatu iliyopita. Ukiwa kati ya 50 na 70 na uko D1, soma yaliyobaki kwa makini. Ukiwa T1 tayari, una uhuru zaidi wa kuchagua kwa sababu nyingine.

Kompyuta kubwa ya mezani

Kwanza tuiondolee uongo mmoja. Mama mmoja nilimsikia dukani Mwanga akiwa ameinama nyuma ya boksi la kompyuta anasoma kibandiko.

"Fundi, hii imeandikwa wati mia tatu. Si itanimalizia LUKU?"

"Hapana mama. Hiyo mia tatu ni mwisho wake. Ukiwa unaandika barua haifiki hata mia."

Fundi alisema kweli. Namba ya kwenye pawasaplai ni uwezo wa juu wa kile kifaa, kama spidi mita ya gari inayoishia 180: haina maana gari linakwenda 180. Hata chaja ya laptopu iliyoandikwa 65W haivuti wati 65 muda wote. Inazikaribia betri ikiwa tupu na wewe unafanya kazi, kisha inashuka betri ikijaa.

Ubaya wa kompyuta kubwa ya zamani ni kwamba hata ikikaa tu bila kazi inavuta karibu sawa na inapoandika. Mashine za mtumba za miaka ya 2008 hadi 2011 zinavuta wati 60 hadi 90 zikiwa zimetulia. Za karibuni zimetengenezwa zijipunguze. Boksi la ofisi lenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha nane na kuendelea (namna ya kukisoma iko hapo chini kwenye laptopu) linaweza kutulia kwenye wati 25 au 30. Kwa hiyo usiseme "desktopu" ukadhani umesema kitu kimoja. Kati ya ya zamani na mpya kuna pengo kubwa kuliko lile lililopo kati ya hiyo mpya na mini.

Uzuri wake ni kwamba inafungulika. Ramu ikifa unabadilisha ramu, pawasaplai ikiungua unaweka nyingine siku hiyo hiyo, diski unaongeza. Anayehariri video za sendofu na harusi, au anayechora ramani za majengo, ataipenda: mashine inapumua vizuri, haipunguzi mwendo kwa joto, na kazi inayochukua saa nne kwenye laptopu nyembamba hapa inaisha mapema. Kwa mtu huyo wati 200 kwa saa moja si tatizo, kwa sababu analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa za kukaa. Ila akiweka kadi kubwa ya picha ya kuchezea magemu, hiyo peke yake inaweza kuvuta kuliko vitu vyote nilivyotaja.

Tatizo lake jingine ni umeme unapokatika. Bila UPS, ukurasa ambao hujauhifadhi umekwenda. UPS ndogo ya kawaida ina betri ya volti 12 na Ah 7. Ikibeba kompyuta kubwa na monita inakupa dakika kumi, ishirini ikiwa mpya. Ikichakaa haikupi hata moja: inalia mlio mmoja na kila kitu kinazima. Zamani mji ulipokuwa ukiendeshwa na majenereta ya dizeli watu walizoea kukaa na tochi mezani. Gridi ya Taifa imekuja, lakini nguzo bado zinaanguka mvua ikinyesha.

Mini

Hii wengi hawajaizoea. Ni boksi la ukubwa wa kitabu kinene, zile Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani zikaletwa kwetu kama mtumba. Ndani yake mna prosesa iliyopunguzwa ulaji na inatumia chaja ya nje kama ya laptopu. Ikitulia inavuta wati 8 hadi 15. Ukiitazama kwa bei, mara nyingi iko chini ya laptopu yenye nguvu ile ile, kwa sababu haina skrini wala betri.

Ukinunua mini, monita ndiyo inayobeba hesabu. Wengi wanaokoa wati 60 kwenye kompyuta halafu wanaiunganisha na monita nene ya mwaka 2007 yenye mirija ya taa ndani, inayovuta 30 hadi 40. Monita ya LED ya inchi 22 inavuta 15 hadi 20, na ukiishusha mwangaza hadi nusu inashuka tena. Nyumba nyingi za kwetu mwangaza wa asilimia 100 unatia macho maji tu, hasa usiku. Ile yenye kioo kinene nyuma, ya enzi za kichogo, usiichukue hata ukipewa bure. Inavuta wati 70 na kuendelea.

Kwenye UPS ile ile ndogo, mini na monita ya LED vinakupa nusu saa, pengine karibu saa nzima betri ikiwa mpya. Muda huo unatosha kumaliza fomu na kuituma. Kasoro ya mini ni chaja. Ikiungua wakati wa radi, usitarajie kuipata kila duka hapa Kigoma. Soma volti na plagi yake mapema, maana za Dell na HP plagi zinafanana kwa macho lakini hazikubaliani kila mara.

Laptopu

Laptopu inashinda kwenye wati kwa sababu kila kipande chake kimetengenezwa kiishi kwa betri. Skrini yake inavuta wati chache, prosesa inalala kila ikipata nafasi, na UPS iko tumboni mwake. Hilo la mwisho ndilo watu wanalisahau wanapolinganisha bei. Mwenye kompyuta ya mezani anunue UPS leo, na betri ya UPS tena baada ya miaka miwili au mitatu.

Msimu wa mvua kuna faida nyingine. Radi zikianza kupiga upande wa ziwa, unachomoa chaja ukutani na kuendelea na kazi. Wa mezani anazima na kungoja.

Lakini laptopu ya mtumba inanunuliwa kwa macho mawili. Kwanza soma jina la prosesa hadi herufi ya mwisho. Kwenye Intel, herufi U mwishoni, kama i5-8250U, ni ya ulaji mdogo, iliyopangiwa wati 15. Herufi H ni ya wati 45, ya kazi nzito, na betri yake huisha haraka. Kwenye mini utakuta T, ambayo ni wati 35. Namba za mwanzo baada ya mstari ndizo kizazi: 8250 ni cha nane, 10210 ni cha kumi. Hilo la kizazi lina uzito sasa, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha nane. Laptopu ya kizazi cha nne itakayouzwa kwako kwa bei ya kutupa itakuja bila ulinzi mpya, isipokuwa uko tayari kuweka Linux, mfumo wa bure, badala ya Windows. Si jambo baya. Kwa kuandika na kufungua tovuti, Linux Mint inaitosha mashine ya zamani vizuri, na mafundi vijana siku hizi wanaijua.

Pili, betri. Muuzaji atakwambia inakaa saa nne. Mwombe afungue lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport kisha bonyeza Enter. Mashine itatengeneza ripoti na kukwambia imeiweka wapi. Ndani yake kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo ikijaa. Kama ya kiwandani ni 48,000 na ya leo ni 19,000, betri imebaki na chini ya nusu. Punguza bei au tafuta nyingine. Muuzaji mkweli hatakukatalia, na anayekasirika amekujibu.

Ukishanunua, kama laptopu inakaa kwenye chaja kutwa, tafuta kwenye programu ya kampuni iliyoitengeneza mahali pa kuzuia betri isijae zaidi ya asilimia 80. Lenovo, Dell, HP na Asus nyingi wanayo. Betri inayokaa imejaa na joto inachoka upesi.

Shingo nayo ina haki yake. Laptopu juu ya meza inakuinamisha saa nane, na baada ya mwezi unatafuta mtu wa kukukanda. Inyanyue kwa vitabu hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, weka kibodi na mausi za nje. Hazivuti umeme wa kuhesabu.

Ukiwa kwenye sola

Kwa walio vijiji vya mwambao, au wenye sola kama akiba hapa mjini, mjadala unafungwa mapema. Betri ya volti 12 na Ah 100 ya asidi ina kama wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Kompyuta kubwa na monita vya wati 110, vikipitia inveta inayopoteza sehemu ya umeme njiani, vinaimaliza kwa saa nne na nusu hivi. Mini na monita ya LED vinaenda kama saa 15. Laptopu iliyochajiwa moja kwa moja kwa chaja ya gari, bila inveta, inapita saa 25. Hiyo chaja ya gari ni kifaa cha bei ndogo ambacho wengi hawakifikirii: wanawasha inveta ya wati 1,000 ili kuchaji laptopu ya wati 20, na inveta yenyewe inakula wati zake hata isipobeba kitu.

Jenereta ndogo ya petroli siihesabu hapa. Kuiwasha kwa ajili ya kompyuta moja ni kuchoma mafuta kupata kelele.

Usiku ndiko uniti zinakopotelea

Mtu anaweza kuchagua mashine sahihi na bado akalipa mara mbili, kwa sababu ya saa ambazo hayupo mezani. Mwezi una saa 720. Ukifanya kazi 208, zinabaki 512. Kompyuta kubwa ya zamani iliyoachwa inawaka, monita imezimwa, pamoja na UPS, tuseme wati 80: hizo ni uniti 41. Zinapita zile 25 za kazi yenyewe. Ikiachwa na monita inawaka, usiku na mchana, inafika 86. Kompyuta peke yake imekutoa D1, hata kama nyumbani huna friji.

Zile picha zinazochezacheza skrini ikikaa bure haziokoi chochote. Skrini inawaka vile vile na prosesa inachezesha picha. Iwekee kompyuta izime skrini baada ya dakika tano na ilale baada ya kumi na tano. Ikilala inavuta wati mbili tatu, na ukigusa kitufe inaamka na kazi zako zote zikiwa wazi. Wengine wanaogopa kwamba kuwasha upya kunakula umeme mwingi kuliko kuiacha. Si kweli kwa kompyuta. Kuwaka kwake ni dakika moja au mbili za wati zilezile za kazi.

Halafu kuna UPS, ambayo hakuna anayeishuku. Inavuta kama wati 10 hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kwa saa zile 512 ni uniti 5, zaidi ya laptopu inavyotumia mwezi mzima wa kazi. Ukimaliza kazi zima kompyuta, kisha UPS yenyewe kwa kitufe chake, kisha swichi ya ukutani. Betri yake ilishajichaji mchana.

Ruta ya nyumbani ni wati 5 hadi 10. Izime ukilala kama hakuna anayeitumia. Printa ya wino ni jambo dogo. Ya leza ni habari nyingine: ikipasha joto inaruka hadi mamia ya wati kwa sekunde chache, kwa hiyo usiichomeke kwenye UPS ndogo wala inveta ndogo, itaziangusha.

Pima mwenyewe usiniamini

Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600. Zima kila kitu, chomoa na friji, acha kompyuta tu na vifaa vyake. Simama kwenye mita na saa ya simu, hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 30 ni wati 120. Sekunde 84 ni kama wati 43. Laptopu peke yake inakungojesha karibu dakika tatu mpaka utadhani mita imekufa. Kwa mita ya 1600, gawanya 2,250 badala ya 3,600.

Ukipata jibu lisilolingana na la kwangu, lako ndilo sahihi kwa mashine yako.

Nani achukue nini

Mwalimu na mhasibu: laptopu ya kizazi cha nane au zaidi yenye herufi U, monita ya pembeni baadaye fedha ikipatikana. Wakala wa forodha anayehama kati ya bandari na nyumbani naye ni laptopu, bila mjadala. Mwenye chumba maalumu cha kazi, ambaye watoto wasingeacha laptopu mezani bila kuiangusha, ni mini na monita ya LED. Mhariri wa video ni kompyuta kubwa, lakini ya karibuni, na akubali mapema kwamba yuko T1.

Na aliye na kompyuta kubwa ya zamani na hana laki nne, asianze na kompyuta. Aanze na monita: kutoka ile ya wati 30 hadi ya LED ya 18, uniti mbili na nusu kwa mwezi. Aiwekee usingizi wa dakika kumi na tano, na UPS izimwe kila usiku, uniti tano nyingine. Kwa yule wa uniti 80 wa kule juu, kama UPS yake ilikuwa inakesha kwenye zile 55 za nyumbani bila kuhesabiwa, hatua ya monita na ya UPS zinamshusha hadi 72 na ushei, na D1 yake imebaki.